Droo ya Chini ya Kabati la Mvule

Nimestaafu kunusa mbao, lakini pua imekataa kustaafu. Hapa Kilungu, kwenye boma la wazazi wangu nilikorudi, asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye miparachichi na kila kitu cha mbao ndani ya nyumba huanza kutoa harufu ya soksi. Juzi nilikwenda kwa jirani kumjulia hali, na kabla hajaniletea chai nilikuwa nimeshainama nyuma ya kabati lake la vyombo. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia alisogeze mbali na ukuta, mkono upite, hewa izunguke. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Ndivyo mtakavyozeeka na nyinyi, mkiifanya kazi hii sawasawa.

Nyinyi mliobaki karakana ya Kitui mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi. Najua wengine wenu mnataka kusikia ni lini nilikabidhiwa funguo na nani aliona wivu. Hayo hayatawasaidia. Nitawaandikia habari za harufu, na za Mzee Athman aliyenifundisha, halafu nitawaeleza ile droo iliyofungwa kwa nailoni juu ya rafu. Mmekuwa mkiniuliza habari zake, nami nikiwaambia mshike msasa mfanye kazi. Leo nitasema.

Nilifika kwa Mzee Athman nikiwa msichana aliyetoka shule na hana pa kwenda. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, babu yake akafungua duka Kitui mjini, na wao wakabaki. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na alinicheka kwa namna sisi watu wa Kilungu tunavyokivuta. Kazi yake ilikuwa kununua fanicha kuukuu Mombasa na Nairobi, kwenye nyumba ambazo watu wamehama au wamekufa, kuzileta kwa lori, kuzitengeneza na kuziuza. Mbao zenyewe zilikuwa mvule, mninga na msaji, mbao ambazo mtu wa kawaida hapa kwetu hawezi kuzinunua zikiwa mpya. Shida ilikuwa moja tu. Zilinuka.

Nilikwenda kuomba kazi ya kufagia. Akanipeleka kwenye kabati dogo, akalifungua, akaniambia niingize kichwa na nimwambie nasikia nini. Nikamwambia nasikia harufu mbaya. Akasema mbaya si harufu, nirudi kesho, na nisinywe chai ya tangawizi kabla ya kuja. Niliondoka nimekasirika sana, kwa sababu nyumbani hata hiyo chai hatukuwa nayo. Kesho yake nikaingiza kichwa tena, nikamwambia nasikia mafuta ya taa, na panya, na kitu kama gunia la chumvi lililoloa. Bahari sikuwa nimeiona bado. Akanipa ufagio.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za ghafla, siki alikupimia kama dawa ya macho, na timu yake ya mpira ikifungwa hakuna aliyesalimiwa karakana siku nzima. Lakini kwenye kazi hakuwa na mchezo. Siku moja Kimanzi, fundi mwenzangu, aliona mteja yuko njiani anakuja, akapulizia manukato ndani ya meza ya kuvalia ili mambo yaende haraka. Mzee alizing'oa droo zote, akaziweka kwenye jua kali mbele ya mteja, akamwambia meza haijawa tayari, arudi juma lijalo. Kimanzi aliambiwa kwamba anayefunika harufu anamfungia mtu nyoka kwenye mfuko. Namsikia bado akisema hivyo kila nikimwona kijana ameshika hicho kikopo cha kupuliza. Na nimewaona, msijifanye.

Njia yake mnaijua, lakini naiandika kwa sababu mnapenda kuikata katikati. Kwanza ni pua, asubuhi, kabla ya msasa na vanishi kuamka. Halafu unatoa droo zote, unageuza kitu miguu juu, unabandua plaiwudi ya mgongoni, maana uvundo hulala mgongoni ambako hakuna aliyewahi kupaka rangi wala kupanguza. Vumbi la kuvu unalitoa kwa brashi kavu, nje, umefunga kitambaa mdomoni. Kisha kitambaa cha siki na maji, kilichokamuliwa hadi kinalia. Baada ya hapo ni kivuli na upepo. Jua la Kitui ni dawa, lakini mvule uliotoka pwani ukiuanika saa sita mchana utapinda na hautakusamehe. Mkaa unawekwa kwenye makopo ndani, milango inafungwa, unasubiri. Mkaa ukishavuta, unapiga msasa sehemu za ndani ambazo hazijapakwa kitu, unaziba kwa shelaki, unanusa tena. Ikiwa bado unasikia kitu, hujamaliza, hata kama mteja yuko mlangoni na pikapu yake inanguruma.

Zilikuja kazi ngumu za kila aina. Kulikuwa na kaunta ya baa ambayo kila ikipata joto ilitoa pumzi ya mlevi, tukaiparua hadi ikawa nyembamba. Kilikuja kitanda ambacho mzee fulani alikuwa ameugulia muda mrefu hadi akafa, na watoto wake walitaka tukitengeneze ili mmoja wao akilalie, halafu siku ya kukichukua hakuna aliyekuja. Kabati moja la nguo nililisafisha mara tatu na kila mara uvundo ulirudi. Mwisho nikaomba kuiona nyumba yenyewe, nikakuta limeegemezwa ukuta wa bafu. Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo Mzee alikuwa akilirudia tangu siku ya kwanza, kwamba kuondoa harufu ni sehemu ya pili ya kazi. Sehemu ya kwanza ni kujua imetoka wapi.

Sasa nije kwa Mwende.

Mwende alikuwa mke wa mtu huko njia ya Tulia. Mume wake alifanya kazi za barabara mbali, akirudi mara chache, na nyumbani aliishi na mama mkwe wake pamoja na binti yake wa pekee, Mumbua. Jina hilo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kabati lake alilinunua kwetu mwaka ambao mavuno yalikuwa mazuri. Lilikuwa la mvule, juu milango miwili ya nguo na chini droo mbili pana. Lilitoka Mombasa likinuka bahari, nikalifanyia kazi mimi mwenyewe, na lilipotoka karakana lilinuka mbao tu. Siku ya kulichukua alikuja na Mumbua. Mtoto aliingia ndani ya kabati, akajifungia, akaanza kuimba huko ndani, na Mzee Athman, ambaye kwa kawaida hakutaka watoto karibu na vanishi, akasimama akamsikiliza.

Miaka michache baadaye mvua ilikatika mahindi yakiwa yanachanua. Vilima vilikauka, watu wakala mbegu. Waliopata kitu ni wachache waliokuwa na shamba kando ya mto wa mchanga, ambako chini kuna unyevu. Mwende alikuwa mmoja wao. Mahindi yake hayakuwa mengi, na usiku wezi walianza kuyavunja. Akaogopa. Akayavuna kabla hayajakauka, akayapukuchua na mama mkwe wake milango ikiwa imefungwa, na badala ya kuyaanika nje kila mtu ayaone, akayatia kwenye droo za chini za kabati na kufunga kwa ufunguo.

Msiharakishe kumlaumu. Nyinyi ni wa huku, mnajua. Kwetu mtu akija na bakuli akiona una chakula, huwezi kumnyima. Unaweza kumnyima vitu vingine vyote, chakula hapana. Kwa hiyo njia ya pekee ya kubaki nacho ni kisionekane. Kila boma lilikuwa na siri yake mwaka huo, na kila mtu aliyesalimia alikuwa anachungulia nyuma ya anayemsalimia.

Mahindi mabichi yaliyofungiwa gizani na joto yalifanya yanayofanya. Uvundo ukatoka, ukajaa nyumba. Jirani mmoja aliyekuja kuomba moto akauliza ni nini kinanuka, na Mwende akasema ni hili kabati la Mombasa, limeanza tena. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kumwondoa mtu mlangoni.

Alikuja karakana siku ya soko. Alisimama mbele ya wateja akasema kabati letu limerudia kunuka na anataka litengenezwe upesi. Kimanzi, ambaye ulimi wake haukuwahi kupigwa breki, akacheka, akamuuliza, "Kwani umeficha mahindi humo?" Watu wakacheka pia, wale wenye njaa wakacheka zaidi. Mwende akasema hana mahindi, atayatoa wapi, na sauti yake ikapanda kuliko swali lilivyohitaji. Niliisikia, na nadhani Mzee naye aliisikia. Tukamwambia tutalifuata kabati.

Lilikuja na pikapu kesho yake, tupu, limepanguzwa. Nikaingiza kichwa. Bahari haikuwepo. Kulikuwa na kitu kingine, kitamu kidogo mwanzoni, halafu kizito, kinachokaa kooni. Nikaanza na droo ya juu kati ya zile mbili pana, nikaisafisha. Nilipoitoa ya chini, nikaona kwenye mfereji wa mbao inamopita kuna punje za mahindi zilizobanwa. Zilikuwa na unga wa kijani uliochanganyika na manjano, na nilipoigusa moja ikapasuka bila kutoa sauti.

Nikampelekea Mzee Athman kwenye kipande cha karatasi ya msasa. Hakuzinusa. Akaniambia niache kila kitu, nipande boda boda, nimpelekee yule mama. Siku zile habari za sumukuvu, ile sumu inayoletwa na kuvu kwenye mahindi, zilikuwa zimeanza kutangazwa redioni, lakini watu walizisikiliza kama habari za nchi nyingine.

Nilimkuta Mwende anafua. Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini akichambua kunde chache, na Mumbua amelala mapajani mwake saa za watoto kucheza. Niliomba tuzungumze nyuma ya jiko. Nikafungua karatasi nikamwonyesha. Akasema hizo ni za watu waliokuwa na kabati kabla yake. Nikamwambia watu wa kabla yake walikuwa na nyumba ya ghorofa Mombasa na hawakuweka mahindi kwenye kabati la nguo. Akasema tena kwamba hana mahindi. Nguo zilikuwa zinadondosha maji kwenye kamba. Kisha akauliza, akitazama chini:

"Na kama mtu ameyaosha vizuri?"

Nikamwambia kuosha hakuitoi sumu. Wala kuchemsha.

"Hata muthokoi? Ukiyatwanga ukatoa ganda lote?"

"Hata muthokoi, Mwende."

Alijifuta povu mikononi. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniuliza njia, "Sasa tule nini?"

Nilisema nitazungumza na mchungaji wake, akanishika mkono akaniambia nisithubutu, watajua alikuwa nacho. Nilimwachia unga niliokuwa nimenunulia nyumba yangu, ulikuwa bado kwenye mfuko. Kabla sijaondoka nilimwona akiingia ndani, akatoka na gunia dogo, akalivuta hadi kwenye choo cha shimo. Alikuwa analia na kuvuta. Mama mkwe hakuinua macho. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba yule bibi, tangu chakula kipungue, alikuwa akijidai hana njaa ili sehemu yake aipate mjukuu.

Mumbua alianza kutapika juma hilo hilo. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa maji. Walimpeleka hospitali mjini, na mimi nilipita kumwona nikitoka kazini. Aliniuliza kama kabati limepona. Nikamwambia bado kidogo. Daktari alimwambia Mwende waziwazi kwamba ini limeharibiwa na chakula, akamuuliza mtoto amekula nini, na Mwende akasema ugali kama watu wengine. Mtoto alikufa kabla mume hajafika kutoka barabarani. Nasema hivyo tu kwa sababu sijui kusema zaidi. Nimejaribu mara nyingi.

Mazishini, watu hawakuwa na haja ya kutafuta sababu. Mwende mwenyewe alikuwa ameshawapa. Si alisema kabati la Mombasa limeanza tena? Kabati la mtu aliyekufa, kutoka pwani, lililouzwa na Mwislamu. Neno majini lilitajwa kaburini na kufika Kitui mjini kabla yetu. Yule mtoto si alikuwa akiingia humo na kuimba? Alikuwa akiimba na nani?

Ndani ya mwezi ule karakana iliharibika. Watu walirudisha vitu walivyokuwa wamekaa navyo miaka. Kitanda kimoja kililetwa usiku na kutupwa getini, kimekatwa miguu. Mtu alimwaga mavi mlangoni. Kimanzi alisema mke wake amemkataza, akachukua randa yake akaenda, na alipoondoka hakumtazama Mzee. Watu ambao baba zao walikopeshwa sukari na babu yake Athman walianza kuvuka barabara wakimwona. Yeye alifungua kila asubuhi kama kawaida, akaketi, akasikiliza redio.

Mimi nilitaka kusema. Nilikuwa na zile punje bado, kwenye karatasi yake. Nikamwambia Mzee niende sokoni nizionyeshe watu, yaishe. Alizima redio.

"Yule mama amemzika mtoto," akasema. "Wewe sasa unataka kumzika yeye?"

Nikamjibu kwa hasira, na hasira hiyo siijutii, kwamba si habari ya karakana tu. Wote waliopata mahindi waliyavuna mabichi na kuyaficha, na wote sasa wamejua dawa ya harufu ni kumtukana Athman. Wanakula. Watoto wao wanakula. Akakaa akifikiri, vidole vikigonga meza. Kisha akasema nasema kweli, lakini nisiende sokoni, niende kwake. Mwenye msiba ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nikaenda mara ya pili. Nyumba ilikuwa kimya, mama mkwe anaumwa ndani. Nilimwambia Mwende yote: majini, mlango wetu, na nyumba nyingine zinazokula. Nilimwambia sitasema bila yeye kutaka. Alisikiliza huku akitoa nyuzi kwenye leso. Sikujua kama ananisikia. Mwisho akauliza, "Ile droo ya chini mliisafisha?"

Nikamwambia hapana. Nilipoona punje niliacha kazi hapo, na kabati zima lilikuwa bado limebomolewa karakana.

"Niletee. Ilete kanisani Jumapili, usiipanguze."

Kanisa lao lilikuwa la mabati, na kila Jumapili baada ya nyimbo kulikuwa na wakati wa ushuhuda, mtu husimama akasema Mungu amemtendea nini. Nilifika na droo imefungwa kwa shuka. Mzee Athman alikataa kuniacha nije peke yangu, na kwa kuwa hakutaka kuingia kwake kulete maneno, alisimama nje dirishani na kofia yake. Walioketi upande ule walisogea.

Mwende alisimama zamu yake ilipofika. Mchungaji alianza kumwambia apumzike, kanisa linamwombea. Alikuja mbele hivyo hivyo, akaichukua droo mikononi mwangu, akafungua shuka.

"Nilisema kabati linanuka," akasema. "Kabati halikunuka. Ni mahindi yangu. Niliyaficha humu nyinyi mkiwa na njaa, na mtoto wangu akayala. Athman hana kosa. Shikeni, mnuse. Kama kwako kuna harufu hii, usimpe mtoto."

Akampa droo mama aliyeketi mwanzo wa benchi la kwanza. Yule mama aliinusa kwa sababu alikuwa ameshaishika, akampa wa pili. Ilipita mkono kwa mkono, na ungesikia pua zikivuta. Katikati ya benchi la tatu, mke wa mzee mmoja wa kanisa aliinusa, akabaki ameishika kifuani. Kisha akaiweka mapajani mwa jirani yake, akasimama, akatoka nje. Tulimwona dirishani akianza kutembea, halafu akikimbia, mwanamke mtu mzima na viatu vyake vya kanisani. Akatoka mwingine. Akatoka baba mmoja na kumwacha mke wake na watoto kwenye benchi. Hakuna aliyekiri kwamba ana mahindi. Walitoka tu, mmoja mmoja, wakielekea makwao, na ibada ikaishia hapo bila mtu kuifunga. Droo ilipofika nyuma, mabenchi mengi yalikuwa matupu.

Mwende alikuwa bado amesimama mbele. Hakuna aliyemkumbatia. Ningependa kuwaandikia kwamba walimkumbatia. Waliobaki walipita kando yake wakitazama sakafu, na mama mmoja aliyekuwa amelaza watoto njaa mara nyingi mwaka ule alisimama mbele yake, akamtazama, akaondoka. Mzee Athman ndiye aliyeingia. Alivua viatu mlangoni kwa mazoea, akatembea na soksi hadi mbele, akampa pole ya mtoto. Hakuwa amepata nafasi ya kuitoa kabla.

Mume wake alimwacha. Mama mkwe alipona, na ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekataa Mwende afukuzwe, wakabaki wawili kwenye boma lile. Wateja walirudi karakana polepole, baadhi yao wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Kimanzi alirudi na randa yake, na Mzee akampa kazi bila hotuba. Lakini kitu kilikuwa kimetoka ndani ya Athman. Alifanya kazi hadi alipokufa, na sikumsikia tena akipiga kelele za mpira.

Kabati sikulirudisha. Mwende alilikataa, na kuliuza sisi hatukuweza. Mbao zake ndizo zile meza mbili mnazofanyia kazi. Ile droo ya chini alisema isiguswe.

Kwa hiyo hiyo ndiyo droo. Kila aliyeajiriwa wakati wangu nilimnusisha siku ya kwanza, nanyi mnakumbuka, mliniona mwehu. Nilitaka muijue harufu hiyo kabla ya nyingine yoyote, ili ikija ndani ya sanduku la mtu msikimbilie siki, mkimbilie nyumbani kwake. Na mjue kwamba mahindi yenye sumu mengine hayanuki kabisa. Anayesema mahindi yake ni salama kwa sababu hayanuki, mwambieni ayakaushe na kuyapimisha, asiitegemee pua yangu wala yake.

Kila mwaka mahindi yanapoanza kukomaa, Mwende huja. Hununua mkate hapo mbele kwanza, anauweka mezani kwetu, halafu anachukua droo, anaifunga kwa leso mgongoni kama mtoto na kuzunguka nayo bomani kwa watu, huko Tulia na mbele zaidi. Wengine humfungulia mlango, wengine humfungulia mbwa. Mvua zikianza huirudisha. Mwaka jana, siku aliyoirudisha, niliifungua nikanusa na sikusikia kitu. Nilidhani ni uzee. Nikamwita mmoja wenu, msichana mwenye pua nzuri, akanusa akasema ni mbao tu. Nikamwambia Mwende kwa upole kwamba harufu imeisha, labda apumzike sasa. Aliinamia droo akavuta pumzi taratibu, akafunga nailoni.

"Mimi naisikia," akasema.

Atakuja tena mwaka huu, na mimi sitakuwepo. Mpeni. Msimwambie haina harufu.